Mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya mto, hela inapoishia

Juzi kuna kaka mmoja wa Bagamoyo kanipigia simu, kwao kuna watu wanataka kuwaletea mashine ya RO ya kutoa chumvi kwenye maji ya Ruvu, kule chini mto unapokaribia kuingia baharini, na swali lake lilikuwa moja tu, "Fundi, inakula uniti ngapi kwa siku?" Nikamwambia kaka, umeme ndio kitu rahisi kuliko vyote kukipigia hesabu na sio uliotuangusha sisi. Tukaongea mpaka salio likaisha, nikamuahidi nitakaa niandike kila kitu. Nayaweka hapa ili na wengine wayaone, maana hizi mashine zinaendelea kuletwa huku pwani na mimi naumia kila nikisikia nyingine imefungwa kufuli.

Mimi ni fundi wa mashine za maji, nakaa Tanga mjini, Ngamiani. Karibu miaka minne sasa nahudumia mashine moja ndogo kwenye kijiji upande wa Pangani. Mto upo pale pale, mpana, ukisimama ukingoni unasema hawa watu wana shida gani ya maji, ila onja kiangazi. Mto Pangani unatoka huko Kilimanjaro na Meru, unatembea kama kilomita 500, njiani kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mashamba ya umwagiliaji chungu nzima, kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, sasa mpaka yafike huku chini yanakuwa yamepungua sana, na mto ukishakosa nguvu ya kuisukuma bahari basi bahari ndio inaingia mtoni. Wazee wanasimulia zamani walikuwa wanachota pale pale wanakunywa. Siku hizi Januari na Februari sabuni haitoi povu, na yule mama wa vitumbua alikuwa ananunua maji ya boza Sh 500 dumu kwa ajili ya unga tu, kwa sababu akiloweka mchele na maji ya mto vitumbua vinakuwa na chumvi mpaka wateja wanarudisha.

Basi mashine ikaletwa na mradi mmoja, siwataji, wakafunga, wakakata utepe, picha zikapigwa, wakaondoka. Inatoa lita 1,000 za maji matamu kwa saa, ina membreni nne. Kwa asiyejua, membreni ni kama bomba nene lenye karatasi maalumu iliyoviringishwa ndani, pampu inasukuma maji ya chumvi kwa presha kubwa, maji yanapenya, chumvi inabaki upande wa pili inatoka na maji mengine ya kumwaga. Kwetu kati ya lita 10 zinazoingia tunapata 6, zile 4 zinarudi mtoni na chumvi yote, na hizo 4 nazo umezivuta kwa pampu na kuzichuja kwa hela yako, hilo watu huwa wanalisahau.

Haya sasa umeme. Kwa maji ya chumvi ya wastani mashine yetu pamoja na pampu ya mtoni inakula kama uniti 2 na nusu kwa kila lita 1,000. Tulivyokuwa tunanunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uniti moja ilikuwa inatuangukia Sh 356 na kodi zote. Piga hapo unapata Sh 890, lita 1,000 ni madumu 50, kwa hiyo kila dumu ni Sh 18 ya umeme. Wakati ule tulikuwa tunauza dumu Sh 100. Mtu akiiona hiyo hesabu anasema jamani hii ni biashara, na kamati yetu ilisema hivyo hivyo, wakapanga mpaka faida itajenga nini.

Ila maji ya mto hayafanani na ya bahari, na hapa ndipo nataka yule kaka wa Bagamoyo asome polepole. Bahari chumvi yake haichezi sana, gramu kama 35 kwa lita leo, kesho na mtondo. Mto ukiwa karibu na mdomo unabadilika ndani ya saa sita kutoka karibu matamu mpaka karibu bahari, halafu unarudi. Na chumvi ni presha. Kwa hesabu ya mafundi kila gramu moja ya chumvi kwenye lita inadai presha ya kama robo tatu ya bar kabla hujapata hata tone, ndio maana mitambo ya bahari inaenda bar 55 mpaka 70 na inakula uniti 3 mpaka 4 kwa lita 1,000 hata ikiwa mikubwa na ya kisasa yenye vifaa vya kurudisha ile nguvu ya maji yanayomwagwa. Mashine yetu ni ya chumvi kidogo, haifiki huko. Maji yakiwa makali pampu inalia, umeme inakula ule ule, maji yanatoka nusu, lita 500 kwa saa. Kwa hiyo dumu la Sh 18 linakuwa dumu la Sh 36 na hujabadilisha kitu chochote, umewasha tu saa mbaya.

Miezi ya mwanzo tulikuwa tunawasha saa mbili asubuhi mpaka saa nane kwa sababu ndio saa za kazi alizopangiwa mwendeshaji kwenye makaratasi. Nikawa nakuja na kipimo changu cha chumvi, namba ikiwa kubwa ndio chumvi nyingi, leo nasoma 2,000, kesho saa ile ile nasoma 7,000, nikadhani kipimo kimeharibika. Pale kuna mzee mvuvi, kastaafu, anakaa chini ya mkungu karibu na ule mtumbwi wake, akawa ananiangalia tu. Siku ya tatu nikamuamkia, shikamoo babu, akaitika marahaba mwanangu, hivi mnachota maji ya kujaa kwa nini? Akaniuliza leo mwezi wa ngapi, namaanisha mwezi wa angani, nikawa sijui. Akasema leo bamvua, maji yanajaa mpaka kule kwenye minazi, chumvi inapanda mto mbali, wewe unawasha pampu yanapojaa, unataka kuinywa bahari yote?

Halafu akanionyesha kitu ambacho hakikuwepo kwenye kile kitabu cha mashine. Tukaingia kwenye mtumbwi mpaka usawa wa bomba letu la kuvutia, ambalo mradi walilifunga chini kabisa kwenye nguzo ya zege, karibu na sakafu ya mto, ili lisikauke maji yakikupwa. Ilikuwa siku za maji mafu, yaani kujaa na kupwa ni kudogo, mto umetulia. Akasema chota juu, nikachota kwa kikombe, kipimo kikasoma 2,400. Akachukua chupa ya lita moja na nusu, akaifunga jiwe na kamba, kizibo kakifunga kamba nyingine, akaishusha mpaka chini, akavuta kizibo, mapovu yakapanda, akaipandisha. Kipimo 9,100. Mahali pale pale, dakika ile ile, kina hakizidi mita tatu. Maji ya chumvi ni mazito, yanalala chini, ya mto yanaelea juu yake, na sisi bomba letu lilikuwa limelala huko huko kwenye chumvi. Nilikaa kwenye ule mtumbwi nikafikiria miezi sita ya LUKU za watu.

Tulilitoa. Tukatengeneza chelezo la madumu manne ya plastiki ya lita 20 na mbao, bomba likaning'inia sentimita 40 chini ya uso wa maji, likapanda na kushuka na maji yenyewe. Kamba, mbao, bomba laini la mita 12 na nanga, vyote Sh 94,000. Sijawahi kufunga kifaa kilicholipa haraka namna ile, na wazo lilikuwa la babu wala sio langu.

Bado kuna suala la saa. Maji matamu zaidi yako mwishoni mwa kupwa, yale masaa mawili matatu kabla hayajaanza kurudi. Lakini kupwa kunasogea kama dakika 50 kila siku, leo saa nne asubuhi, wiki ijayo saa kumi alfajiri, kwa hiyo huwezi kumwajiri mtu kwa saa za ofisi. Hii gharama sijawahi kuiona kwenye andiko lolote la mradi: posho ya usiku, tochi, mtu wa pili wa kumsindikiza kwa sababu hutamuacha kijana peke yake mtoni saa tisa usiku. Na umeme ukikatika saa ile ya kupwa umeikosa, unasubiri masaa 12 na dakika 25 mpaka kupwa kwingine au unawasha jenereta. Jenereta letu linatoa kama uniti 3 kwa lita ya dizeli, ukichukulia lita Sh 3,000 basi uniti ni Sh 1,000, karibu mara tatu ya LUKU. Tuliwasha mara nne tukaliacha.

Tulichofanya tukanunua matenki mawili ya lita 10,000. Pampu ndogo inajaza maji mabichi wakati wa kupwa, mashine yenyewe inawashwa mchana mtu akiwa macho. Matenki yaliuma, karibu Sh milioni 4 na laki kadhaa na misingi yake, tulichangisha, tukakopa kwenye vikoba vya akina mama wa pale na tumeshawalipa. Lakini yametuokoa kwenye kitu kingine ambacho ndicho kilichoiua mashine mara ya kwanza.

Tope.

Watu wote wanaongelea chumvi, kaka yangu chumvi haiui membreni, tope ndio linaua. Maji ya kupwa ni matamu ila ndio machafu, hasa bamvua, mto unakimbia unakomba matope yote ya kwenye mikoko unayaleta kwako. Kabla ya membreni kuna filta, sisi tunaziita katriji, ni kama mshumaa mkubwa mweupe wa nyuzi, zinazuia chembe kubwa kuliko maikroni 5. Mpya ni nyepesi, nyeupe kama pamba. Masika ya kwanza nilifungua chombo cha filta siku ya tatu tu, nikaitoa ile katriji kwa mikono miwili, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa nje, ndani kahawia ya kahawa, imekuwa nzito kama kifuu kilichojaa mchanga, na inateleza, ukipitisha kidole kuna ute. Ule ute ndio mbaya zaidi, ni vijidudu, vinapenya taratibu vinaenda kuota kwenye membreni. Na huwezi kuviua kwa kupitisha klorini moja kwa moja kwa sababu klorini inaila ile karatasi ya membreni, ukiweka klorini mwanzo lazima uweke na dawa ya kuiondoa kabla haijafika, kwa hiyo unanunua dawa mbili.

Katriji moja ilikuwa Sh 25,000, zinakaa mbili. Kiangazi tulikuwa tunabadilisha baada ya wiki tatu. Masika kila siku tatu, yaani 50,000 kila siku tatu, laki tano kwa mwezi, kwenye mwezi ambao watu wanakinga mvua bure na maji tunauza madumu 50 kwa siku badala ya 300. Mwendeshaji akaanza kuzisuuza na kuzirudisha. Simlaumu, hela haikuwepo na watu walikuwa wanasubiri na ndoo. Katriji ikisuuzwa nyuzi zinaachana, tope linapita. Mwezi wa 14 presha ilikuwa imepanda, maji yanatoka lita 300 kwa saa na yana chumvi, nikasafisha kwa asidi, nikasafisha kwa dawa ya ute, hazikurudi. Membreni zote nne zimekufa. Moja ilikuwa Sh 600,000 mpaka ifike Tanga.

Sasa angalia hii hesabu maana hapa ndipo siri ilipo. Membreni nne ni Sh milioni 2 na laki 4. Zikitunzwa miaka 5 ni Sh 40,000 tu kwa mwezi. Zikifa miezi 14 ni Sh 171,000 kwa mwezi. Ile tofauti, laki na elfu thelathini kila mwezi, ni kubwa kuliko umeme wetu wa mwezi wa mauzo ya kawaida ukichukulia ile bei ya Sh 18 kwa dumu na mauzo ya madumu 200 kwa siku. Hakuna aliyekuwa ameweka hata shilingi pembeni kwa ajili yake, kwa sababu kwenye karatasi tuliyoachiwa kulikuwa na mstari mmoja tu, "umeme na mshahara". Nikawapigia waliotuletea, wakasema mradi umeshafungwa. Kontena lenye mashine likapigwa kufuli miezi mitano. Yule mama wa vitumbua akarudi kwenye boza, na kuna siku alinikuta stendi Pangani akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, mtawasha lini?" sikuwa na jibu.

Tulivyorudi tulianza na tope kwanza. Yale matenki mawili, moja linatulia wakati lingine linatumika. Tunaweka shabu kidogo, na hapa uwe makini, shabu ikizidi inapita nayo inaganda kwenye membreni, kwa hiyo napima kwenye ndoo kwanza kila msimu, ndoo sita na vipimo tofauti naangalia ipi inatulia vizuri. Yakishatulia usiku kucha yanapita kwenye pipa la mchanga, ndio yaende kwenye katriji. Sasa hivi katriji masika inafika siku 19, kiangazi inapita mwezi. Shabu na mchanga haifiki Sh 30,000 kwa mwezi.

Kuna gharama nyingine ya mwisho, ya kukaa bila kazi. Masika mto unakuwa karibu matamu na watu wana mvua, unasema basi nizime nipumzishe hela. Huwezi. Membreni ikikaa na maji yaliyolala inaoza, lazima uisuuze kwa maji matamu kila siku au uijaze dawa ya kuihifadhi na uibadilishe kila mwezi, na mlinzi anataka mshahara, na riba kama umekopa haijui kama mvua imenyesha. Hili sio la kwetu maskini peke yetu. London, sehemu inaitwa Beckton, mwaka 2010 kampuni ya maji ya Thames Water walifungua mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya mto Thames pale karibu na mdomo, kwa gharama ya kama paundi milioni 250, umejengwa kutoa lita milioni 150 kwa siku. Na wao waliupanga uchote maji yakiwa yanakupwa, chumvi ikiwa kama theluthi ya ile ya bahari, yaani hekima ile ile ya babu yetu. Ken Livingstone alipokuwa meya aliupinga kwa sababu ya umeme utakaokula. Ulijengwa kwa ajili ya ukame, kwa hiyo miaka mingi umekaa tu ukisubiri, na ukame wa 2022 ulipofika haukuweza kuwashwa. Nilivyosoma habari ile nililikumbuka kontena letu, mtambo wa kusubiri unataka hela kila mwezi kama unaofanya kazi, na usipoupa, siku unauhitaji haupo.

Kwa hiyo sisi masika hatuzimi. Tunawasha kwa muda wa saa moja na nusu kila siku, tunauza kidogo, bei tumeishusha mpaka Sh 70 ili watu waje, inarudisha umeme na inazuia membreni kuoza. Hasara ya miezi ile tunaiweka kwenye bei ya kiangazi, tuliitisha mkutano tukawaeleza watu kwa ndoo mezani, hii ndoo umeme, hii tope, hii membreni, wakakubali kiangazi iwe Sh 120. Mzee mmoja alipinga akasema maji ya Mungu, tukamwambia ni kweli, na Mungu kayaleta na chumvi, tunachouza ni kuitoa. Akakubali ila anataka hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, na zinabandikwa.

Yale maji ya kumwaga tunayaachia wakati wa kupwa na mbali na pale akina mama wanapotega uduvi. Mwanzoni yalikuwa yanamwagwa kwenye mikoko nyuma ya kontena, miche ikaanza kukauka, bomba la mita 60 likaongezwa. Nalo liandike kaka.

Membreni za pili zina miezi 27 sasa, juzi zilikuwa zinatoa lita 940 kwa saa, sijaona sababu ya kuhofia. Akiba tunaweka Sh 40,000 kila mwezi, kuna miezi mitatu tulishindwa, kwa hiyo akaunti ina Sh 960,000, na bei ya membreni nasikia imepanda. Kama kuna mtu anajua duka la uhakika Dar au Mombasa linalouza zile za inchi 4 kwa chini ya laki sita mpaka zifike Tanga naomba aniandikie. Na wewe kaka wa Bagamoyo, kabla hujasaini chochote nenda Ruvu na chupa, jiwe na kamba mbili, siku ya bamvua na siku ya maji mafu, upime juu na chini, kujaa na kupwa, unitumie hizo namba nane ndio tuongee uniti.